Zoa Majivu Kabla Hayajakuzoa

Wahenga walinena kwamba moto hauzai moto, bali huzaa majivu. Waliinena methali hiyo kwa mtoto wa shujaa anayeishia kuwa goigoi, na kwa maana hiyo hatuna la kuwakosoa. Lakini tukiyatazama meko yenyewe, yaani yale mafiga matatu yaivishayo chungu cha kila nyumba, tutaona kwamba habari haikuishia hapo. Majivu nayo huzaa moto. Huuficha tumboni usiku kucha, na asubuhi mtu anapoyatupa nyuma ya nyumba akidhani ni vumbi tupu, ndipo yanapojifungua.

Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi wanalijua jambo hili kwa sababu ya kazi yao. Askari wa doria akilikuta dago lililohamwa porini, huinama na kuupeleka mgongo wa mkono juu ya majivu. Yakiwa ya moto, waliokuwapo hawajafika mbali. Yakiwa baridi juu na vuguvugu chini, huenda waliondoka jana. Yakiwa yameshikana kwa umande na mvua, hao ni wa zamani. Polisi naye, afikapo penye nyumba iliyoteketea, huuliza maswali mengi, na mojawapo ni hili: majivu ya jana yalitupwa wapi, na nani aliyatupa?

Tunachotaka kusema leo ni kifupi. Ujuzi huo usiachwe porini wala kituoni. Askari anayejua kuyasoma majivu ya watu wengine, hana budi kujua pia namna ya kuyazoa majivu ya nyumbani kwake.

UKINGO WA ZIWA MWERU

Ili tusiseme kwa nadharia tupu, na tutazame mahali pamoja ambapo majivu ni mengi, mapaa ya nyasi ni mengi, na upepo hauna simile. Mahali hapo ni wilaya ya Nchelenge, katika mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia.

Nchelenge imekaa kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ziwa hilo lina urefu upatao kilometa 130 na upana wa kilometa 50 na ushei. Mto Luapula huingia upande wa kusini, na Mto Luvua hutoka upande wa kaskazini, karibu na mji wa Pweto. Ng'ambo ya pili ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa hiyo Kiswahili si lugha ngeni katika ukingo huo. Wavuvi na wachuuzi huvuka nacho kila siku, na wakimbizi waliotoka Kongo wamekuja nacho pia. Mwaka 2017 kilifunguliwa kituo cha kuwapokea huko Kenani, na mapema mwaka 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala, yote katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge.

Majivu ya Nchelenge hutoka mahali patatu. Pa kwanza ni meko ya kuni ya nyumbani, yanayopika ugali wa mihogo na kisamvu asubuhi na jioni. Pa pili ni jiko la makaa, ambalo Zambia nzima huliita mbaula. Pa tatu ni chanja za kubanikia samaki katika madago ya wavuvi. Dagaa wa ziwa hilo, waitwao chisense, hukaushwa kwa jua tu wala hawadai kuni. Lakini samaki wakubwa, kama perege ambao wenyeji huwaita pale, hubanikwa kwa moto na moshi ili wasioze kabla ya kufika sokoni. Chini ya chanja moto huwaka saa nyingi mfululizo, na kila ubanikaji huacha lundo la majivu lenye makaa mengi ndani yake.

Sasa weka lundo hilo karibu na kibanda cha fito na nyasi, katika miezi ya kiangazi, tangu Mei hadi Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kama karatasi. Kisha ongeza upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea vijijini. Usiku mambo hugeuka, nao huvuma kutoka nchi kavu kuelekea majini. Mtu aliyeyatupa majivu saa tatu asubuhi, hewa ikiwa imetulia, hukuta saa tisa alasiri upepo umeyafunua makaa, umeyapuliza, na umeichukua cheche hadi kwenye paa la jirani. Katika dago ambamo vibanda vimesongamana kama meno ya kitana, moto huo hauulizi nani mwenye kosa. Nyavu, mitumbwi iliyopandishwa ufukoni, samaki waliokwisha kubanikwa, akiba ya msimu mzima, vyote huenda kwa saa moja. Na katika makazi ya wakimbizi huweza kuteketea hata karatasi za kumtambulisha mtu, ambazo pengine ndizo mali pekee aliyovuka nayo mpaka.

KWA NINI MAJIVU HUHIFADHI MOTO

Jivu huzuia joto na hewa kwa pamoja. Kaa la moto likiachwa wazi huungua upesi na kupoteza joto lake, kisha hufa. Likifunikwa na jivu, hewa hulifikia kidogo kidogo, nalo huungua polepole, na joto lake halipati njia ya kutokea. Mama zetu waliijua siri hii tangu kale. Usiku walilaza moto kwa kulifukia kaa kubwa majivuni, na alfajiri walilifukua, wakaliwekea nyasi kavu na kulipuliza, moto ukawaka bila kiberiti.

Basi kaa linalolazwa kwa kusudi huweza pia kulala bila kusudi. Katika meko ya nyumbani huishi saa nyingi. Katika lundo kubwa, kama lile la chini ya chanja, huweza kuishi siku mbili tatu na hata zaidi. Jicho halitaliona, kwa kuwa jivu la juu ni jeupe na limepoa. Hapo ndipo watoto wanapoungua miguu, kwa kupita peku juu ya lundo walilodhani ni vumbi.

Hatari ya namna nyingine iko katika mbaula. Wakati wa baridi, hasa Juni na Julai, watu huyaona makaa yamefunikwa na jivu jeupe, hayatoi moshi tena, wakaliingiza jiko ndani ya chumba ili wapate joto, kisha wakafunga mlango na madirisha. Makaa hayo bado yanaungua, nayo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki. Kijana aliye lindoni huenda akashawishika kuliweka jiko la namna hiyo ndani ya kibanda cha mlinzi kilichozibwa pande zote. Asithubutu. Maadamu jiko lina joto, mahali pake ni nje.

NAMNA YA KUZOA

Kazi ya kuzoa majivu ina utaratibu wake, kama ilivyo kazi ya kusafisha silaha. Anayeuruka utaratibu hulipia baadaye.

Jambo la kwanza ni wakati. Majivu yazolewe asubuhi na mapema, kabla ya kuwasha moto mpya na kabla ya upepo kuamka. Moto wa jioni uwe umezimwa kwa kuviondoa vijinga na kuvichovya majini, au kuvisukumia mchangani. Kijinga kinachoachwa kikifuka hadi asubuhi ni kuni zilizopotea bure.

Jambo la pili ni kupima. Kabla ya kugusa chochote, lete mgongo wa mkono karibu na majivu bila kuyagusa, kisha uyapekue kwa kijiti hadi chini na kuupeleka mkono tena. Joto likionekana, nyunyiza maji kidogo, koroga, nyunyiza tena, hadi mvuke uishe. Maji yasimwagwe kwa kishindo, kwani mvuke na majivu ya moto hurukia uso, na mafiga ya mawe yaliyopata moto sana huweza kupasuka.

Jambo la tatu ni chombo. Tumia koleo la chuma na debe la bati lenye kifuniko. Ndoo ya plastiki huyeyuka, gunia na kapu huwaka, na sanduku la mbao ndilo kuni lenyewe. Sufuria ya alumini nayo haifai kuwekea majivu, kwa kuwa majivu yakipata unyevu hutoa maji makali yanayoila alumini hiyo. Debe likijaa lifunikwe, liwekwe juu ya udongo mtupu au mawe, mbali na ukuta, na likae siku tatu au nne kabla ya kumwagwa.

Jambo la nne ni mahali. Kila nyumba, na kila safu ya kota, iwe na shimo la majivu lenye kina cha goti, hatua kumi au zaidi kutoka kwenye paa, nyasi na ghala, nalo lizungushiwe udongo uliochimbwa. Majivu yakimwagwa yafunikwe na tabaka la udongo. Wenye madago wasiyamwage ziwani, hasa mahali wanapoteka maji, kwani wanaokunywa maji hayo ni wao wenyewe na watoto wao.

Jambo la tano ni kiasi. Meko ya mafiga hayapaswi kukombwa hadi udongo. Acha tabaka jembamba, unene wa vidole viwili, maana huzuia joto lisipotelee ardhini. Yaliyozidi ndiyo ya kuondoa, kwa sababu majivu yakijaa huziba njia ya hewa chini ya kuni, moto ukakosa nguvu, na moshi ukaongezeka. Moshi huo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa maradhi yaletwayo na hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na meko ya kuni, makaa na mafuta ya taa. Kuyazoa majivu hakuumalizi moshi, lakini moto unaopata hewa hufuka kidogo.

Jambo la sita ni mzoaji. Aghalabu kazi hii hupewa mtoto, kwa kuwa yaonekana nyepesi. Huo ni uzembe wa watu wazima. Mtoto hana subira ya kupima, wala hana nguvu ya kulibeba debe bila kuliburuta. Mtu mzima na ayazoe, akiwa ameulowesha uso wa majivu kidogo ili vumbi lisimwingie machoni na kifuani. Likimwingia jichoni, asilifikiche, bali alisafishe kwa maji safi mengi. Na mtu akiungua, mahali palipoungua pamwagiwe maji baridi safi kwa muda wa dakika ishirini, kisha apelekwe hospitali. Kupaka majivu, unga au dawa ya meno juu ya kidonda cha moto ni kuongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

MALI ILIYOMO MAJIVUNI

Tumesema mengi juu ya hatari, lakini majivu yakishapoa ni mali, na watu wa nchi ile wameijua thamani yake tangu zamani. Kaskazini mwa Zambia kuna kilimo kiitwacho chitemene. Wanaume hupanda mitini na kuyakata matawi, nayo hukusanywa na kurundikwa mahali pamoja. Kabla ya mvua, rundo huchomwa, na ndani ya majivu hupandwa ulezi. Mtaalamu mmoja Mwingereza, Audrey Richards, alikieleza kilimo hicho kwa urefu katika kitabu chake juu ya Wabemba kilichotoka mwaka 1939. Kilimo hicho hutaka eneo kubwa la miti kwa shamba dogo, kwa hiyo watu wanapoongezeka na misitu kupungua, hakiwezi kuwatosha wote.

Hata hivyo fundisho lake ni la kweli. Mvua nyingi za nchi ile huosha chumvi za udongo, na udongo hubaki mchachu. Majivu ya kuni yana chokaa kwa wingi, yana potasiamu, na yana fosforasi kidogo. Hupunguza uchachu na kuirutubisha mimea. Hayana naitrojeni, kwa kuwa hiyo hutoroka na moshi, kwa hiyo hayachukui nafasi ya samadi. Konzi moja au mbili kwa kila mita moja ya mraba, mara moja kwa mwaka, zinatosha kwa bustani ya mboga, maharage au mahindi. Muhogo huuvumilia udongo mchachu, hivyo unaweza kungoja. Majivu yasichanganywe na yuria wala samadi mbichi kwa wakati mmoja, kwani naitrojeni itatoroka hewani. Tena yahifadhiwe pakavu, kwa sababu yakinyeshewa potasiamu huoshwa. Na majivu ya plastiki, mbao zilizopakwa rangi, au betri, hayafai kabisa shambani.

Matumizi ya pili ni chooni. Kopo la majivu baridi likimwagwa katika choo cha shimo baada ya haja, hupunguza harufu na nzi. Ukingo wa Mweru una sababu ya kulizingatia hilo. Mapema mwaka 2023 Nchelenge ilikuwa miongoni mwa wilaya za Zambia zilizopatwa na kipindupindu, na mlipuko mkubwa ulioanza Oktoba mwaka huo uliua watu zaidi ya 700 nchini. Majivu si dawa ya kipindupindu, lakini choo kisicho na nzi ni sehemu ya kinga. Mahali pasipo na sabuni, majivu safi na maji huweza kutumika kunawia mikono, ingawa sabuni ikipatikana ndiyo bora. Ila tunaonya: majivu yenye joto yasitiwe chooni. Vyoo vingi vina sakafu ya magogo na kuta za nyasi, na moto wa choo huhamia nyumbani upesi.

Matumizi ya tatu ni ghalani. Wakulima wengi wa Afrika huchanganya majivu makavu yaliyochekechwa na maharage au kunde za mbegu ili kuwazuia wadudu. Na sufuria iliyoshika masizi husuguliwa kwa majivu makavu ikang'aa, mradi ioshwe mara moja, kwa ile sababu tuliyokwisha kuitaja.

WAJIBU WA ASKARI

Huenda askari akajiuliza, je, mambo ya jikoni yananihusu nini? Yanamhusu kwa sababu tatu.

Kwanza, kambi na kota ni kijiji kimoja. Nyumba zimeshikana, na karibu nazo kuna ghala, pengine la mafuta, pengine la risasi. Katika vituo vingi ndoo za mchanga hutundikwa ukutani kwa ajili ya moto. Ni aibu iwapo ndoo imetundikwa mbele ya ofisi, na nyuma ya kota majivu ya moto yanatupwa kando ya nyasi.

Pili, askari wa doria huwasha moto wake mwenyewe. Akiondoka bila kuuzima na kuyafukia majivu, huacha mambo mawili nyuma yake: moto unaoweza kuila misitu na mashamba ya wananchi anaowalinda, na habari kamili kwa yeyote amfuataye. Tumekwisha kueleza jinsi majivu yanavyosomwa. Wahalifu nao wana mikono yenye mgongo. Hata katika ukingo wa Mweru, Zambia inapofunga uvuvi kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, lundo lenye joto chini ya chanja humweleza polisi jambo ambalo mwenye dago hangependa kulieleza.

Tatu, wananchi huiga wanachokiona. Polisi akifika katika dago au makazi ya wakimbizi na kuamuru tu kwamba mioto izimwe, atatiiwa hadi atakapogeuza kisogo, maana watu hawawezi kuishi bila kupika. Akiketi na wazee wa dago, akachagua nao mahali pa shimo la majivu upande ambao upepo wa mchana hautishii vibanda, akashika jembe pamoja na vijana na kulichimba, kisha akawaonyesha akina mama namna ya kupima kwa mgongo wa mkono, atakuwa amezuia jinai, msiba na njaa kwa siku moja. Shimo moja na debe moja lenye kifuniko havihitaji kibali kutoka makao makuu.

Na huko nyumbani, baba asiseme kwamba jiko ni la mama. Mama na apike akitaka, lakini shimo la majivu na alichimbe baba, debe na alinunue baba, na siku ya mapumziko alizoe mwenyewe, watoto wakimtazama, ili wajifunze kwake kabla hawajafundishwa na moto.

Ndugu askari, lindo halimaliziki mpaka mwingine apokee zamu. Moto nao haumaliziki mpaka majivu yake yawe yamepoa, yamezolewa, na yamefika mahali panapojulikana. Kabla ya kuzima taa usiku huu, muulizane katika kila nyumba: majivu ya leo yatalala wapi? Nyumba yenye jibu na ilale salama.